Jina la mchai halikutokana na ngamia

Kwa miaka mingi niliyoshika chaki nimekuwa nikiwafunza watoto wa watu jambo ambalo halikuwa kweli, na leo nimeona heri nitubu hadharani kuliko kwenda nalo kaburini.

Kosa lenyewe lahusu jina la kitaalamu la mmea ambao umewalisha, umewavisha na kuwasomesha maelfu ya watu wa Kisii na Nyamira, nami nikiwa mmoja wao. Mmea huo ni mchai, ambao majani yake sisi Abagusii twayaita amachani, na ambao wanasayansi wa dunia nzima wanauita Camellia sinensis.

Mwalimu aliyenifunza alitueleza darasani kwamba neno la kwanza katika jina hilo latokana na ngamia, kwa sababu hapo kale chai ya Uchina ilibebwa na misafara ya ngamia kuvuka majangwa hadi Urusi. Maelezo hayo yalikuwa matamu, nayo yakanasa akilini kama ulimbo. Nilipofuzu ualimu niliyakabidhi kwa wanafunzi wangu jinsi nilivyoyapokea, bila ya kuyapekua hata siku moja.

Aliyenivua nguo ni mjukuu wangu, msichana wa kidato cha tatu. Ilikuwa wakati wa likizo, nasi tulikuwa tumepanga foleni katika kituo cha kununulia majani chai, katika mojawapo ya miinuko iliyo karibu na Kebirigo. Magunia yalikuwa yamejaa, karani alikuwa ameshaitayarisha mizani, lakini lori lilikuwa limechelewa kama ilivyo desturi yake siku za mvua. Ili kuupitisha muda, mtoto aliniuliza asili ya jina la mchai. Nami, kwa kiburi cha mwalimu mkongwe, nikamtolea hadithi yangu ya ngamia.

Kwetu mjukuu ana idhini ya kumtania babu yake, basi akaangua kicheko. Aliniambia kwamba jina la kitaalamu la ngamia, Camelus, lina herufi moja tu ya L, ilhali jina la mchai lina mbili. Akataka kujua ile ya pili imetoka wapi. Wazee waliokuwa karibu waligeuka kunitazama, nami sikuwa na jibu.

Niliporudi nyumbani sikupata usingizi. Siku zilizofuata niliingia katika vitabu, na humo nikakutana na mtu ambaye laiti ningalimjua mapema, ningaliwasimulia wanafunzi wangu habari zake kila muhula. Jina la mchai halikutokana na mnyama. Limetokana na binadamu, tena binadamu mnyenyekevu aliyezitumia siku zake kuwatibu maskini.

Mtu huyo ni Georg Joseph Kamel. Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1661 katika mji wa Brno, nchi ya Moravia, ambayo siku hizi ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Ulaya ya wakati huo ilikuwa bado inauguza majeraha ya vita vya miaka 30 vilivyokwisha mwaka 1648. Mji wa Brno wenyewe ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Uswidi mwaka 1645, miaka 16 tu kabla ya kuzaliwa kwake. Naomba msomaji aikumbuke nchi hiyo ya Uswidi, maana tutairudia.

Mnamo mwaka 1682, akiwa na umri wa miaka 21, Kamel alijiunga na shirika la Wajesuti. Hakuingia kwa nia ya kuwa padri. Aliingia kama bruda, yaani mmoja wa wale wasioongoza Misa wala kuhubiri mimbarini, bali hufanya kazi za mikono zinazoiwezesha nyumba ya watawa kuendelea. Kazi aliyopewa yeye ilikuwa ni kuwauguza wagonjwa na kutengeneza dawa. Katika zama hizo dawa nyingi zilitokana na mimea, hivyo mtengenezaji wa dawa alilazimika kuijua miti na magugu kama mkulima aijuavyo mbegu yake.

Baada ya miaka michache wakubwa wake walimtuma ng'ambo. Safari ya zama hizo haikuwa ya mzaha. Aliyetumwa kutoka Ulaya kwenda visiwa vilivyotawaliwa na Hispania katika bahari ya Pasifiki alipaswa kwanza kuvuka Atlantiki hadi Meksiko, kuikata nchi hiyo kwa nchi kavu, kisha kupanda jahazi jingine na kukaa miezi mingine majini. Kamel aliwasili Manila, mji mkuu wa Ufilipino, mwaka 1688. Hakuiona tena nchi ya kwao.

Huko Manila alianzisha duka la dawa katika chuo cha Wajesuti, nalo hutajwa kuwa la kwanza katika nchi ile. Maskini waliofika hapo hawakudaiwa fedha. Lakini dawa za kutoka Ulaya zilikuwa ghali, na kwa kuwa zilisafiri mwaka mzima au zaidi, nyingi hazikuwa na nguvu tena zilipofika. Bruda huyu alifanya kile ambacho mtu mwenye akili hukifanya akiwa ugenini: aliwaendea wenyeji.

Aliuliza ni majani gani wanayotumia kwa homa, ni gome lipi kwa tumbo, ni mizizi ipi kwa vidonda. Alipanda bustani ya mitishamba, akaichora kwa mkono wake mimea aliyoiona, na akaandika maelezo ya kila mmoja. Tena, jambo ambalo lilinigusa sana, katika maandishi yake mara nyingi aliihifadhi mimea hiyo kwa majina yale yale waliyoitumia wenyeji.

Mojawapo ilikuwa mbegu iliyoitwa igasud katika visiwa vile, ambayo Wajesuti waliibandika jina la mwasisi wao, Mtakatifu Ignatius. Maelezo ya Kamel juu ya mbegu hiyo yalichapishwa London mwaka 1699 katika jarida la chama cha wanasayansi wa Uingereza. Mnamo mwaka 1818 wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitoa katika mbegu hiyo sumu kali iitwayo strikinini. Hivi leo mmea huo wajulikana kitaalamu kama Strychnos ignatii. Igasud, jina la wenyewe, limebaki pembeni.

Kamel hakuificha elimu yake. Aliwaandikia barua wataalamu wa mbali, wakiwemo John Ray na James Petiver wa Uingereza. Hapa yafaa tutue kidogo. Kamel alikuwa Mkatoliki, tena Mjesuti, akiishi katika koloni la Hispania. Ray na Petiver walikuwa Waprotestanti wa Uingereza. Katika karne ile watu wa pande hizo mbili walikuwa wakichinjana kwa ajili ya dini. Lakini habari za majani na maua zilivuka bahari na kuupita uhasama huo, zikapokewa kwa mikono miwili.

Si kwamba njia ilikuwa nyeupe. Shehena yake ya kwanza ya michoro na mimea iliyokaushwa ilitekwa na maharamia baharini. Mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye aliketi, akaanza upya, akatuma tena.

Wakati huo John Ray alikuwa mzee mgonjwa akiishi katika kijiji cha Black Notley. Alikuwa mwana wa mhunzi aliyepanda ngazi ya elimu hadi akawa bingwa wa mimea katika nchi yake. Mwaka 1704 alitoa juzuu ya tatu ya kitabu chake kikubwa juu ya mimea, na mwishoni akaiambatisha kazi ya Kamel juu ya mimea ya kisiwa cha Luzon. Michoro, kwa bahati mbaya, haikuchapishwa pamoja na maelezo hayo. Ray aliaga dunia mwezi Januari 1705. Kamel alimfuata tarehe 2 Mei 1706, huko huko Manila, akiwa na umri wa miaka 45 tu.

Hapo ndipo habari za bruda huyu zingalikoma, kama zinavyokoma za watenda wema wengi ambao wakishafukiwa hufukiwa pamoja na majina yao. Lakini mwaka mmoja baadaye, mwezi Mei 1707, alizaliwa mtoto katika kijiji kimoja cha Uswidi, ile ile nchi ambayo majeshi yake yaliuzingira mji wa Brno. Mtoto huyo ni Carl Linnaeus.

Babake Linnaeus alikuwa mchungaji wa kanisa aliyependa bustani, na jina la ukoo alilojichagulia alilitwaa kutoka kwa mti mkubwa uliokuwa katika ardhi ya jamaa zake. Kwa hivyo mtu aliyekuja kuipa miti majina ya watu alikuwa mwenyewe amebeba jina la mti. Linnaeus ndiye aliyeeneza utaratibu tunaoutumia hadi leo, wa kila kiumbe kuwa na majina mawili ya Kilatini: la kwanza la jamaa, la pili lake mwenyewe, mithili ya mtu anavyokuwa na jina la ukoo na jina la kupewa. Mwaka 1753 alitoa kitabu chake Species Plantarum, ambacho wanabotania wanakihesabu kuwa mwanzo wa majina halali ya mimea.

Linnaeus alishikilia kwamba kumpa mtu jina la mmea ni heshima isiyofaa kutupwa ovyo, na kwamba astahiliye ni yule aliyeitumikia elimu ya mimea kwa jasho lake. Alipokutana na kichaka cha Japani chenye maua mekundu ya kupendeza, alimkumbuka yule bruda wa Manila ambaye kwa Kilatini jina lake liliandikwa Camellus, kwa herufi mbili za L. Kichaka hicho akakiita Camellia. Si kwamba Kamel ndiye aliyekivumbua. Ilikuwa tuzo tu, aliyopewa mtu aliyekwisha kufa bila ya kuiomba.

Msomaji makini atauliza: mchai uliingiaje katika habari hii? Katika kitabu kile kile cha 1753, Linnaeus aliuita mchai Thea sinensis, neno la pili likiwa na maana ya kitu cha Uchina. Mwaka 1762 aliugawa mara mbili, akidhani kwamba chai nyeusi na chai ya kijani hutokana na mimea miwili tofauti. Hapo bingwa aliteleza. Mmea ni mmoja, na tofauti hutokana na jinsi majani yanavyoshughulikiwa baada ya kuchumwa, jambo ambalo mfanyakazi yeyote wa kiwanda cha Sanganyi au Ogembo angalimweleza kwa dakika tano.

Ukweli huo ulinifariji kidogo. Ikiwa Linnaeus alikosea juu ya chai, basi mwalimu wa kijijini naye asamehewe ngamia wake.

Baadaye wataalamu waligundua kwamba mchai na kile kichaka cha Japani ni ndugu wa toka nitoke. Mwaka 1818 Mwingereza Robert Sweet aliwaunganisha katika jamaa moja. Mwaka 1887 Mjerumani Otto Kuntze alilichapisha jina la Camellia sinensis, na mkutano wa wanabotania uliofanyika Amsterdam mwaka 1935 ukakata shauri kwamba jina la jamaa hiyo liwe Camellia. Hivyo ndivyo jina la bruda wa Moravia lilivyofika juu ya mmea unaonywewa na mabilioni ya watu, zaidi ya miaka 200 baada ya kifo chake.

Nao mmea ukawa unasafiri. Ulipandwa Limuru mwaka 1903, na kuanzia miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaufanya kuwa zao la biashara huko Kericho, kwa majirani zetu. Sisi wenyeji tulikuwa watazamaji na vibarua. Ni baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo mlango wa mazao ya biashara ulipofunguliwa sawasawa kwa mkulima Mwafrika, na mamlaka ya ustawi wa majani chai ya wakulima wadogo, KTDA, ikaundwa mwaka 1964. Leo ukitoka Nyansiongo ukapita Kebirigo, Tombe na Gianchore, kisha ukashuka upande wa Kiamokama, Nyamache na Itumbe, macho yako yatakutana na zulia moja la kijani. Kila jani katika zulia hilo lina jina la Kamel.

Sasa nije kwenye hoja iliyonifanya nishike kalamu.

Nilipomaliza kusoma habari za Kamel nilimfurahia, kisha nikaingiwa na huzuni. Nilimfurahia kwa sababu si jambo la kawaida katika ulimwengu huu, ambamo mabarabara na viwanja hupewa majina ya majemadari na watawala, kwa bruda mtengeneza dawa kukumbukwa hivyo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na Kamel alipewa yake.

Huzuni yangu ilitokana na swali ambalo halikunitoka. Wale wenyeji wa Luzon waliomwonyesha gome na mizizi walikuwa nani? Bila shaka walikuwepo akina mama waliomshika mkono wakampeleka msituni. Walikuwepo waganga wazee waliomwamini mgeni na kumfungulia siri za mababu. Kamel amekumbukwa na Ray, na Linnaeus, na sasa nami. Wao hawana hata herufi moja, iwe ya L au ya alfabeti nyingine yoyote.

Jambo hilo lilinirudisha nyumbani. Nyanya yangu, aliyemzaa baba, alikuwa omonyamete, mtu wa miti, kama tunavyowaita waganga wa mitishamba. Watu walifika kwake kutoka pande za Manga hadi Borabu. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinituma kumshikia kikapu alipokwenda kuambua gome la omoiri, akinionya nisiliambue kuuzunguka mti mzima, maana mti ungekufa na kesho mgonjwa mwingine angekosa.

Omoiri huo wanasayansi wanauita Prunus africana, mti wa Afrika. Mnamo mwaka 1966 daktari mmoja wa Ufaransa alijipatia hataza ya kutengeneza kutokana na gome lake dawa ya maradhi ya tezi ya wanaume, na biashara yake ikawa kubwa Ulaya. Magome yalisombwa kwa tani na tani kutoka misitu ya Afrika, Kenya ikiwemo, hata ikabidi kuanzia mwaka 1995 mti huo uwekwe chini ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Onyo la nyanya yangu lilikuja kuwa sheria ya ulimwengu, lakini hakuna aliyejua kwamba bibi mmoja wa Gusii alikuwa akilitoa bure.

Simlaumu Kamel. Yeye alitoa dawa bila malipo na hakuwanyang'anya wenyeji hata majina ya mimea yao. Wala sidai kwamba majina ya kitaalamu yabadilishwe, maana utaratibu wa Linnaeus ndio unaomwezesha mtafiti wa Kericho na mwenzake wa Uchina kuelewana. Ninachodai ni kwamba tusingoje Linnaeus mwingine azaliwe Uswidi ndipo wazee wetu wakumbukwe.

Sheria tunayo. Bunge lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi, ambayo inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la kuweka daftari la maarifa ya jamii zilizo katika maeneo yao. Kaunti za Kisii na Nyamira zina hazina kubwa katika jambo hili. Hapa ndipo walipokuwapo ababari, wale mabingwa wa kupasua fuvu la kichwa ambao sifa zao zilivuka mipaka ya Kenya. Hapa kuna abanyamete ambao bado wanajua kazi ya kila kichaka kilichosalia mitoni na mawemani. Lakini wanazidi kupungua, na misitu yetu midogo nayo inazidi kung'olewa, mara nyingine kwa ajili ya kuupisha huo huo mchai.

Daftari hilo lisiwe orodha ya mimea tu. Liandikwe mmea, jina lake kwa Ekegusii, kazi yake, na jina la mzee aliyetoa habari, akiridhia, pamoja na kijiji chake, ili faida ikitokea siku moja ijulikane inapaswa kuelekea wapi. Shule zetu nazo zaweza kusaidia, maana mwanafunzi wa sekondari aliyepewa kalamu na likizo ya mwezi mmoja anaweza kumhoji nyanya yake vizuri kuliko mtafiti wa mbali.

Mimi nimeshaanza. Mjukuu wangu yule yule aliyenicheka ameninunulia daftari la kurasa 200, na kila jioni tunaandika. Tumeandika omoiri, tumeandika chinsaga, mboga ambayo nyanya alimpa kila mama aliyejifungua, na mbele ya kila moja tumeliandika jina la nyanya yangu, aliyefariki bila kujua kusoma. Kuna mimea kadhaa niliyoonyeshwa naye ambayo sura yake naikumbuka lakini jina limenitoka, na hakuna tena wa kumwuliza. Nafasi zake tumeziacha wazi.

Nanyi wanafunzi wangu wa zamani, popote mlipo, ninyi ambao baadhi yenu sasa ni walimu, madaktari na wakuu wa ofisi, nawaomba radhi. Katika daftari zenu za zamani, kama bado mnazo, futeni ngamia. Andikeni mahali pake Georg Joseph Kamel, bruda na mtengeneza dawa. Kisha, kabla hamjalifunga daftari hilo, nendeni mkamwulize nyanya au babu aliyebaki jina la ule mti ulio nyuma ya nyumba.